Sifuri ya Saa Tatu Asubuhi

Kimbunga cha baharini hakipandi hadi Gakindu, huko Mukurweini katika nyanda za juu za Kenya. Bahari iko mbali, na ikweta iko karibu mno: takriban nusu digrii tu kaskazini, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuzisokota pepo. Hata hivyo, mkulima wa kahawa kwenye migongo ya Mukurweini anaweza kuharibikiwa na msimu kwa sababu ya kimbunga ambacho hatakiona kamwe.

Ndivyo ilivyokuwa 2019. Mwezi Machi, Kimbunga Idai kiliingia Msumbiji, kikarudi baharini kujiongezea nguvu, kisha kikaupiga mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15. Zaidi ya watu elfu moja walipoteza maisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwetu Kenya kilifanya kinyume: kilivuta kuelekea kwake unyevu ambao ungetunyeshea, masika yakachelewa, na Aprili ikaingia mashamba yakiwa makavu. Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa tofauti. Vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa Madagaska, pepo za magharibi zikasukuma unyevu wa bonde la Kongo hadi kwetu, na Machi 2018 ikawa ya mafuriko. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba kuna kimbunga. Sharti ujue kiko wapi na kinaelekea wapi.

Kujua huko ni ufundi, nami nausifu. Katika Bahari Hindi yetu hakuna ndege za kawaida za kupenya kimbunga na kupima upepo wake, kama zilivyo Marekani. Mtaalamu hutegemea setilaiti za Meteosat, zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinazopiga picha kila baada ya dakika chache. Hutumia mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970: hutazama jinsi mawingu yalivyojipinda, hulinganisha joto la jicho la kimbunga na baridi ya mawingu yanayolizunguka, kisha hukadiria kasi ya upepo ambao hakuna aliyeugusa. Hii ni kazi ya jicho lililozoea, si ya mashine pekee.

Lakini picha ya juu ina upofu wake, na milima ndiyo huufichua. Setilaiti nyingi hukisia mvua kwa ubaridi wa kilele cha wingu. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, wingu fupi lisilo na baridi kali linaweza kunyesha asubuhi nzima, na kule juu lionekane si kitu. Anayelisahihisha kosa hilo ni mtu mwenye kipimamvua katika uwanja wa shule, misheni au kituo cha utafiti. Saa tatu asubuhi humimina maji kwenye bilauri yenye alama, huinama hadi macho yalingane nayo, husoma sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa maji, na kuandika milimita.

Mdomo wa chombo chake una upana wa inchi tano tu. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba midomo ya vipimamvua vyote duniani, ikikusanywa pamoja, haijazi uwanja mmoja wa mpira. Hata hivyo, kumbukumbu za mvua kama CHIRPS, zinazotumika kutabiri njaa Afrika Mashariki, huunganisha picha za setilaiti na vipimo hivyo vidogo.

Katika ufundi huu wote, ninachokistahi zaidi ni sifuri. Kuandika milimita 60 baada ya usiku wa radi hakuhitaji moyo. Kila mtu ana hamu ya kuona. Kuamka siku baada ya siku katika Aprili kavu, kukifungua chombo unachojua ni kitupu na kuandika sifuri, ndiyo nidhamu yenyewe. Pengo kwenye daftari halisemi lolote: huenda haikunyesha, huenda msomaji alilala. Sifuri ni ushahidi. Katika nyanda za juu, sifuri zilizopangana za 2019 ndizo nyayo za Idai.

Setilaiti ikizeeka, serikali na mashirika hukaa kikao kuitafutia mrithi. Msomaji wa kipimamvua akistaafu, mara nyingi chombo hustaafu naye. Kaunti inayotaka kujua masika yake itakuwaje haina budi kumtafutia naye mrithi, na kumlipa.