Huduma Haikukatika, Ilikatwa

Kiswahili kina kauli mbili ambazo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuzitenganisha: kutendwa na kutendeka. Kikombe kilichovunjwa kina mvunjaji, hata asipotajwa. Kikombe kilichovunjika hakina. Kimevunjika tu, na sarufi haituruhusu kuongeza "na Otieno" mwishoni mwa sentensi hiyo. Darasani tofauti hii ni swali la alama mbili. Nje ya darasa inaweza kuwa riziki ya mtu na jina lake.

Leo ninahakiki matini fupi mno. Ni ujumbe wa simu ambao mwenye saiba mmoja hapa Kisumu, upande wa Kondele, alitumiwa na kampuni inayomuuzia intaneti. Kampuni siitaji, kwa sababu mtindo huu wa kuandika si wake peke yake. Ujumbe wenyewe ni huu: "Mteja mpendwa, imebainika kwamba laini yako imetumika kutuma matusi. Huduma yako imesitishwa kwa mujibu wa masharti." Basi, hakuna zaidi. Alipopiga simu, akaambiwa mambo yote yako kwenye mfumo. Ndipo akanijia: "Japuonj, wanasema eti nimetusi watu. Nimetusi nani? Nilisema nini? Hawataki kuniambia."

Maneno ni kumi na sita, na mtu anayetajwa ndani yake ni mmoja tu: mshtakiwa. Tuvitazame vitenzi. "Imebainika" ni kutendeka. Imembainikia nani, na kwa ushahidi upi? Hatuambiwi. "Imetumika" nayo ni kutendeka. Nani aliyeitumia laini? Kimya. "Imesitishwa" ni kutendwa, kwa hiyo msitishaji yupo, lakini amejificha nyuma ya "kwa mujibu wa masharti", kana kwamba masharti yameamka asubuhi, yakanywa chai, yakachomoa waya. Aliyelalamika hayupo. Aliyeamua hayupo. Hata tusi lenyewe halipo. Aliyebaki na jina na namba ya akaunti ni mteja.

Mtu atasema, aah, Profesa, hiyo ni lugha ya ofisi tu. Sikubali. Saiba ni mahali ambapo mwanafunzi huombea mkopo wa HELB na nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, mzee huwasilisha ritani za kodi kabla ya Juni 30, na mama mjasiriamali hutafuta kibali kwenye eCitizen. Siku intaneti inapokatwa, wateja hao huvuka barabara na kwenda kwa jirani, na wengine hawarudi. Zaidi ya hasara, kuna lile jina la "mtu wa matusi", ambalo mtaani halihitaji hati ya mahakama ili limgande mtu.

Lipo pia tatizo la tafsiri. Mikataba mingi ya intaneti hutungwa kwa Kiingereza, na neno abuse katika lugha hiyo ni pana kama Ghuba ya Winam. Humo mna matusi, mna unyanyasaji, na mna matumizi mabaya ya mtambo, kama vile kutuma maelfu ya matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba. Kiswahili kina neno lake kwa kila kosa: kutukana, kukashifu, kutishia, kuchochea, kusumbua. Anayeyakusanya yote chini ya "matusi" anamnyima mshtakiwa haki ya kujua anajibu shtaka gani. Huenda kompyuta moja pale saiba ilikuwa na kirusi kilichosambaza matangazo bila mtu kuandika neno lolote. Huenda mteja wa siku moja alimtishia mtu kweli. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na ujumbe ule haumsaidii mtu kujua lipi lilitokea.

Tena tukubali kwamba ni tusi kweli. Tusi hupimwaje? Chukua neno la Kijaluo jajuok. Marafiki wakitaniana, ni yule mkimbiaji wa usiku anayesumbua watu kwa kurusha mchanga kwenye mabati, na kila mtu hucheka. Likielekezwa kwa bibi kizee baada ya msiba wa ghafla, ni shutuma ya uchawi inayoweza kuhatarisha maisha yake, na Sheria ya Uchawi ya Kenya inamtia hatiani anayemshutumu mwenzake hivyo. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni kinywa, sikio na kikao.

Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Humo mlikuwa na "madoadoa", "mende" na "watu wa kurusha mawe", msemo ambao sisi wa Kisumu tunajua ulikuwa ukimlenga nani. Tume ilikuwa na sababu nzito: Rwanda ya 1994 ilishaonyesha dunia mahali ambapo kumwita binadamu mende kunaweza kufika. Hata hivyo, mshonaji wa Kibuye bado anauza kitambaa cha madoadoa, na mende bado wako jikoni. Orodha humwonya msomaji aangalie vizuri. Haiwezi kumsomea muktadha.

Mahakama zetu zimewahi kuligusa suala hili. Mwaka wa 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa kwa alichoandika kwenye Facebook, chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya. Kifungu hicho kiliharamisha ujumbe "unaoudhi mno" au wenye hali ya utovu wa adabu au vitisho, kwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha, akieleza kwamba maneno hayo hayakufafanuliwa, hivi kwamba mwananchi hawezi kujua mpaka uko wapi. Kweli, kesi hiyo ilihusu jinai, si mkataba wa kibiashara. Ila hoja yake ya lugha inasimama palepale: ikiwa Serikali hairuhusiwi kumwadhibu mtu kwa neno lisilo na maana maalumu, kampuni yapataje uhuru huo kwa kuandika "masharti"?

Sisemi kampuni zikae zikitazama. Mwanamke anayetumiwa vitisho usiku kucha anastahili kulindwa, na haraka. Lakini njia ipo. Kifungu cha 27 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 kinampa anayenyanyaswa mtandaoni nafasi ya kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kumwamuru mtoa huduma atoe taarifa za kumtambua mhusika. Sheria inamtafuta mtu aliyeandika. Ujumbe wa kampuni unaishia kwenye laini. Laini ya saiba hutumiwa na makumi ya watu kwa siku, na anwani moja ya intaneti huweza kugawiwa wateja wengi kwa wakati mmoja. Bila saa kamili na kumbukumbu sahihi, huwezi kumtenga mmoja.

Tuna methali kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Nenda Dunga ufukweni umwambie hivyo mama anayeuza mbuta. Atakucheka, kisha atamtoa yule aliyeoza na kuendelea kuwauza wengine.

Kwa hiyo, nilimshauri mwenye saiba aandike barua, na aiandike kwa kauli ya kutenda. Asiseme "mtandao wangu umekatika", maana hiyo ni lugha ya mvua na radi. Aseme: "Mlikata huduma niliyoilipia. Nionyesheni ujumbe mnaosema ulitoka kwangu, saa uliotumwa, na sharti nililovunja." Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo ya kutosha kuhusu huduma anayoinunua. Kampuni ikinyamaza, malalamiko yanakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Na kampuni nazo nizisaidie kusahihisha matini yao, kama ninavyosahihisha insha: "Tarehe hii, saa hii, tulipokea malamiko kuhusu ujumbe huu hapa. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ulipitia kwenye laini yako. Tupe maelezo yako ndani ya siku saba. Usipotujibu, tutakata huduma, na unaweza kukata rufaa kwa afisa huyu." Ni maneno mengi zaidi, lakini kila kitenzi kina mwenyewe.