Tasa bila kugawanya

Oktoba 2024 GIMPS, mradi wa kusaka namba tasa za aina hii, ulitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: mbili kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Urefu huo unashangaza, ila ufundi hauko hapo. Ufundi uko kwenye namna walivyojua kuwa ni tasa, maana hakuna kompyuta iliyokaa ikiigawanya kwa 3, 7, 11 na kuendelea. Kazi hiyo isingekwisha.

Namba za umbo hili huitwa za Mersenne. Ukiiandika hii kwa mfumo wa kompyuta, wa moja na sifuri, unapata moja tupu, 136,279,841 kwa mfuatano. Umbo hilo ndilo lililobeba kazi yote.

Kipimo chake kilibuniwa na Mfaransa Édouard Lucas miaka ya 1870, kisha Mmarekani Derrick Lehmer akakinyoosha mwaka 1930. Tukijaribu kwa namba ndogo, 31, ambayo kipeo chake ni 5: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2. Unapata 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawanya kwa 31 inabaki 8. Rudia tena: 62, inabaki 0. Hatua ni kipeo ukitoa mbili, yaani tatu. Ya mwisho ikileta sifuri, namba ni tasa bila shaka yoyote; isipoleta, si tasa, hata kama hujui inagawanyika kwa nini.

Halafu kuna ujanja ninaoupenda zaidi. Hata huko kutafuta baki hakuhitaji kugawanya. 194 kwa moja na sifuri ni 11000010. Kata tano za kulia, 00010, ambayo ni 2; zilizosalia, 110, ni 6. Jumlisha: 8. Baki ndiyo hiyo.

Mzigo unaobaki ni kuzidisha namba ya mamilioni ya tarakimu kwa yenyewe, zaidi ya mara milioni 136, na kosa moja tu linaharibu yote yanayofuata. Kwa ajili ya mzigo huo Luke Durant, mshiriki wa GIMPS aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Nvidia, alikodi GPU (chipu za michoro) nyingi katika nchi mbalimbali. Iliyoko Dublin ilitoa ishara kwanza, kwa kipimo cha haraka cha Fermat kinachosema tu kwamba huenda ni tasa. Kesho yake, Oktoba 12, nyingine ya San Antonio ikathibitisha kwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Hesabu zikarudiwa kwa programu na mashine tofauti kabla ya tangazo.

Benki haziihitaji namba hii; usimbaji wake hutumia namba tasa za tarakimu mia kadhaa, tena za siri. Wawindaji wa namba hizi wanaitazama zawadi ya dola 150,000 iliyowekwa na shirika la EFF kwa namba tasa ya tarakimu milioni 100. Kwa umbo hili, kipeo kitapaswa kuzidi milioni 332: hatua zaidi ya maradufu, na kila hatua nzito kuliko hizi.