Usiuache Udunde

Mpira uliopigwa na kipa ukitua kwenye uwanja wa shule jijini Dodoma mwezi wa nane, haubaki chini. Mvua zilikwisha Aprili, ardhi imekauka ikawa ngumu kama sakafu ya saruji, na mpira unadunda kupita kichwa cha mtu mzima. Ongeza upepo wa kiangazi wa huku uwanda wa kati, ambao unaweza kuurudisha nyuma mpira uliokuwa unakwenda nje. Ndiyo maana makocha wengi wa mchangani, wakiulizwa wanataka beki wa kati wa namna gani, wanainua mkono juu ya vichwa vyao. Wanataka mrefu.

Sababu nyingine hawaisemi waziwazi: wanataka kushinda wiki hii. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kijana aliyekwisha kuota ndevu anakutana na mwenzake wa kidato hicho hicho ambaye sauti bado haijavunjika. Mpange mwenye ndevu namba nne, mwambie aufyeke kila mpira unaokuja, na kombe la wilaya unalo. Miaka minne baadaye wengine wameshamfikia kimo, na yeye hajui kitu kingine zaidi ya kufyeka. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Wengine wanaendesha bodaboda na bado wanasimulia fainali ya wilaya.

Ndiyo maana ninamvulia kofia mwalimu mmoja wa pembezoni mwa jiji, ambaye sitamtaja kwa kuwa hapendi kutajwa, anayechukua vijana wafupi na kuwafundisha kazi ya beki wa kati. Ana mipira michache, koni zilizopauka kwa jua, na uvumilivu ambao sijui anautoa wapi.

Somo lake la kwanza ni hilo hilo la udongo: usiuache udunde. Mpira ukidunda, mrefu ameshinda. Basi beki mfupi anatakiwa aamue mapema, wakati mpira bado uko mikononi mwa kipa wa upande wa pili, kama atautokea mbele kabla haujatua au atarudi nyuma aupokee unaposhuka. Zoezi lenyewe ni la kawaida kabisa. Mwalimu anasimama mbali na mpira, kijana anamtazama. Kabla mguu haujagusa mpira, kijana apaze sauti: "Mbele!" au "Nyuma!" Mwanzoni anabahatisha. Baadaye anaanza kusoma kiwiliwili cha mpigaji. Akiegemea nyuma, mpira utapaa na kufa njiani. Akiinamia mpira, utakwenda chini na kwa kasi. Kijana akichelewa kusema, hata kama mpira ameupata, zoezi linarudiwa. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mwalimu huyu, maana ni rahisi sana kumpigia makofi mtoto aliyeokoa na kusahau kwamba ameokoa kwa bahati.

Halafu linakuja suala la miili. Straika mrefu anashinda mpira wa juu kabla hajaruka: anakuwekea mgongo, anatanua mikono, anakuzuia usiondoke ardhini. Mwalimu anamfundisha mfupi kufika kwanza kwenye mwili kisha kwenye mpira. Akunje magoti, bega liguse mbavu za straika wakati mpira ungali hewani, kisha aachie na arudi nusu hatua. Asisukume, refa atapuliza. Mguso ule mdogo unatosha kumfanya mrefu asimame vibaya, na mtu aliyesimama vibaya haruki sawasawa hata awe na urefu gani. Baada ya hapo mfupi aruke mapema kidogo kuliko mwenzake, akiwa na hatua mbili za kukimbilia. Si lazima aupige kichwa yeye. Akimlazimisha straika kuupiga ovyo, mpira wa pili unaangukia kwa kiungo wa timu yake, na kazi imekwisha.

La tatu ni macho. Siku moja alisimamisha mchezo kwa filimbi, akamwita beki wake.

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Mpira, mwalimu."

"Na namba tisa yuko wapi?"

Kijana akageuka. Namba tisa alikuwa nyuma yake, hatua tatu kutoka golini, anacheka. Mwalimu hakusema neno lingine, akapuliza mchezo uendelee. Kuanzia hapo ungemwona yule mtoto akigeuza shingo kila baada ya muda mfupi, kulia, kushoto, huku amesimama kiubavu ili aweze kukimbia upande wowote bila kuzunguka mwili mzima.

Kuna jambo jingine analolifanya ambalo halionekani uwanjani: anawasoma watoto kimo chao. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, lakini wapo wanaochelewa hadi 15 au 16. Mwalimu anaangalia viatu. Mtoto ambaye miguu imeanza kutoshea viatu vya kaka yake huenda akarefuka karibuni. Akipata nafasi anawatazama wazazi siku wakija shuleni. Wapo pia ambao hawatarefuka sana, kwa sababu njaa ya miaka yao ya mwanzo ilishafanya kazi yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwalimu hawabagui. Anayechelewa anamsubiri, na asiyetarajiwa kurefuka anamfundisha vile vile, kwa kuwa masomo ni yale yale.

Ushahidi kwamba beki mfupi anaweza kufika mbali upo. Fabio Cannavaro hakufika sentimita 180, na mwaka 2006 aliiongoza Italia kubeba Kombe la Dunia kisha akachukua Ballon d'Or. Nadir Haroub, beki wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga, alibandikwa jina hilo la Cannavaro na likamganda. Wa karibu zaidi ni Dickson Job. Alikulia kisoka Mtibwa Sugar ya Morogoro, akacheza AFCON ya vijana chini ya miaka 17 kule Gabon mwaka 2017 na Serengeti Boys, na Januari 2021 akatua Yanga. Ni mfupi kuliko mastraika wengi anaowakaba, na watu hawakuchoka kulisema hilo. Mwaka 2023 alikuwa kwenye kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mtazame vizuri anavyocheza: mara nyingi hapiganii mpira wa juu, ameshauwahi ulipokuwa bado wa chini.

Lakini njia ni nyembamba. Simba wakitaka beki wa kati, mara nyingi wametazama nje: Henock Inonga alitoka Kongo, Che Malone Cameroon, Joash Onyango Kenya. Kijana wa Dodoma anaanzia mbali na hapo, labda kwenye majaribio ya Dodoma Jiji, waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Na majaribio ndiyo yanayowaua mabeki wafupi. Vijana 40 wasiojuana wanagawanywa vikosi, kila mmoja anataka kuonekana, mipira inapigwa juu tu. Beki anayeishi kwa kupanga wenzake anajikuta amezungukwa na watu wasiojua hata jina lake. Anatolewa baada ya dakika 20, na anayebaki ni yule mrefu anayefyeka.

Mwalimu huyu ameshaacha kuwapeleka mabeki wake huko mmoja mmoja. Anaomba mechi ya kirafiki dhidi ya vijana wa klabu, anakuja na kikosi chake kizima, na kona zikipigwa anawaacha warefu wakabe warefu, beki wake akisimama nguzo ya karibu kusafisha mipira inayoshuka. Klabu nyingine humkatalia, zikisema hazina muda. Anaandika barua nyingine.