"Ndio Mzee" na Adabu ya Kuitikia

Katika nyumba za Msimbazi mtoto hufundishwa kuitikia kabla hajafundishwa kuuliza. Mvulana akiitwa huitika naam, msichana huitika abee, na baada ya hapo, lolote atakaloambiwa, jibu ni ndiyo baba, ndiyo mama, ndiyo mzee. Sisemi haya kwa kulaumu. Hii ni adabu ya pwani na nyumbani kwangu ninaifundisha hadi leo. Nayasema kwa sababu asiyeijua adabu hiyo hawezi kuelewa kwa nini kanda moja ya muziki, iliyotoka mwaka 2001 na kuuzwa kwenye vibanda vya mitaa yetu, iliwagusa vijana wa rika langu kwa namna ambayo nyimbo tamu zaidi za dansi hazikuwahi kutugusa. Kanda hiyo ni "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, na wimbo ninaotaka kuuzungumzia ni "Ndio Mzee".

Joseph Haule, kwa jina lake la nyumbani, hakuwa mgeni. Tulikwisha kumsikia katika kundi la Hard Blasters, lililotuletea "Chemsha Bongo". Wala kurapu kwa Kiswahili hakukuanza naye. Saleh Jabir alikwishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya tisini kwamba Kiswahili kinaingia katika mapigo yale, na Mr. II alikuwa ametoa "Ndani ya Bongo" mwaka 1996. Stesheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, muziki huu ulipata mlango ambao Redio Tanzania haikuwa na haraka ya kuufungua. Lakini nyumbani kwetu uliitwa muziki wa wahuni. Wazee wetu walikuwa na Msondo na Sikinde. Walikwenda ukumbi wa DDC Kariakoo wakiwa wamepiga pasi mashati yao, na walisema, kwa haki kabisa, kwamba nyimbo zao zina mafunzo. Kurapu, kwao, kulikuwa maneno yanayokimbizana bila kujulikana yanakimbia nini.

Professor Jay aliwanyang'anya hoja hiyo kwa kitu kidogo sana: matamshi. Kila neno lake linasikika. Hamezi silabi, habani pua kuiga Wamarekani, na mtayarishaji wake, P-Funk wa Bongo Records, aliuacha muziki ukae nyuma ya sauti badala ya kuifunika. Mtu wa miaka 60 aliyeketi barazani anakata tambuu aliweza kuufuata mkasa mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu, ambaye hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akisubiri taarifa ya habari, na wimbo ukamkuta pale pale.

Mkasa wenyewe ni mwepisi kuusimulia. Mwanasiasa amepanda jukwaani kuomba kura. Anaahidi. Anaanza na mambo ambayo hata sisi tungeyataka, dawa hospitalini na mengineyo ya kawaida, kisha ahadi zinaota mbawa: wanafunzi watakwenda kufanya majaribio yao ya sayansi mwezini, na mabomba yatatoa maziwa. Kila anapopumua anawauliza wananchi kama anasema kweli, na umati unamwitikia kwa maneno mawili yaliyo jina la wimbo. Ni muundo wa kiongozi na waitikiaji, ule ule wa ngoma zetu na wa mikutano ya hadhara. Watu wa mjini walikuwa wametoka tu katika uchaguzi wa Oktoba 2000, wa pili tangu vyama vingi virudi, na sauti za vipaza sauti vya viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani zilikuwa bado masikioni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Wengi waliouandika wimbo huu wanausifu kwa kuwakejeli wanasiasa. Ni kweli, lakini sidhani kwamba hapo ndipo ulipo uzito wake. Kumcheka mwanasiasa ni kazi rahisi. Barazani kwetu ilifanyika kila jioni bila ala za muziki. Uzito wa "Ndio Mzee" uko kwa waitikiaji. Sikiliza tena, msomaji, umsahau mgombea na uusikilize umati peke yake. Ahadi ya dawa wanaiitikia, na ya mwezini pia, kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka. Hakuna hata mmoja anayeuliza lini, au kwa fedha ya nani. Mtunzi ameacha pengo pale ambapo swali lilipaswa kuwapo, na hakulijaza. Hakumleta mzee mwenye busara wa kumsuta mgombea, wala hakufunga wimbo kwa kutueleza tuchukue funzo gani. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayejikuta na swali mdomoni.

Shuleni tulikuwa tumesoma "Kusadikika" ya Shaaban Robert, tukajaza madaftari kwa fani na maudhui. Ni kitabu kikubwa nami nakiheshimu. Lakini mle ndani mkweli ndiye anayesema: Karama anasimama mbele ya Baraza, anajitetea kwa siku kadhaa, na msomaji kazi yake ni kukubaliana naye. Mwanafunzi wa miaka 16 anajua kabisa kukubaliana. Ndiyo kazi aliyofunzwa tangu utoto. Katika "Ndio Mzee" msemaji ni mwongo, hakuna mkweli hata mmoja jukwaani, na ukikubaliana naye unakuwa mmoja wa wale wapumbavu walio chini. Wimbo unakulazimisha kukataa, tena ukiwa peke yako. Kwa msichana wa Kariakoo mwaka ule, hilo lilikuwa somo jipya kabisa.

Nakala yetu aliileta kaka yangu. Tuliicheza katika redio kaseti ya ukumbini, nyumba ya vyumba sita ya Mtaa wa Sikukuu ambayo sasa imekuwa ghorofa la maduka, na umeme ulipokatika tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. (Baba alikuwa mpenzi wa Yanga aliyeishi karibu na klabu ya Simba, kwa hiyo alizoea makelele ya watu wasiokubaliana naye.) Alikuwa mwanachama wa TANU tangu ujana wake. Siku aliyousikia wimbo ule alicheka mpaka akavua miwani, halafu akasema jambo ambalo mimi nilikuwa silijui: kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikwisha kumkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa watu. "Huyu kijana," alisema, "amekiweka kifungu cha kumi na tano ndani ya ngoma." Sina hakika kwamba Professor Jay alikuwa na Mwongozo mezani alipokuwa anaandika. Lakini baba alikuwa ameukubali muziki wa wahuni kwa njia yake mwenyewe, nasi hatukumbishia.

Mwishoni mwa mwaka huo nilimaliza kidato cha nne. Matokeo yalipotoka nilikuwa na alama za kuendelea, lakini nafasi niliyoipata ilikuwa katika shule ya kulipia, na mlipaji katika familia yetu alikuwa baba mkubwa, mwenye duka la vitenge. Kikao kilikaa kwake siku ya Jumapili. Alisema nikae dukani mwaka mmoja, biashara itulie, ndipo niende. Shangazi akaguna. Baba mkubwa akaongeza kwamba si shule hiyo tu. Angenipeleka iliyo bora zaidi. Kisha akasema na mafunzo ya kompyuta pia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkarimu na kikao kilikuwa kinamtazama, akasema ikiwezekana hata Uingereza, alikokuwa na rafiki. Kila ahadi mpya ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia, na tarehe yake ilikuwa mbali zaidi. Baada ya kila moja aliniangalia. Mara mbili niliitikia kama nilivyolelewa. Mara ya tatu nikamsikia yule mgombea, mwezi na maziwa na vyote, nikasema, "Baba mkubwa, shikamoo tena. Naomba kujua, ada ya kidato cha tano italipwa mwezi gani?"

Hapakuwa na ukelele wala kofi, kama mtu anavyoweza kudhani. Palikuwa na kimya, na katika kimya hicho baba mkubwa akasema mtoto ameharibiwa na redio. Baba yangu, ambaye mbele ya kaka yake hakuwa msemaji, alikohoa. "Ametaka mwezi," alisema. "Tumtajie mwezi." Wakautaja. Nilikwenda bweni mwaka huo huo, na ada ya muhula wa kwanza ililipwa nusu na baba mkubwa, nusu kwa cherehani ya mama iliyouzwa.

Ni kwa sababu ya kikao hicho kwamba ninauona upungufu wa "Ndio Mzee", nao ni upungufu wa kweli. Mgombea wa Professor Jay ni mwongo wa wazi mno. Hakuna mtu aliyewahi kuahidiwa bomba la maziwa akaamini. Kejeli inahitaji kukuza mambo ili yaonekane, na mtunzi ameyakuza hadi kila msikilizaji, hata mbunge mwenyewe, anaweza kucheka akijiona yuko nje ya wimbo. Ahadi ngumu kuzikataa hazifanani na hizo. Zinatolewa na mtu anayekupenda, anayeziamini mwenyewe wakati anazitoa, na aliyekununulia sare ya shule tangu darasa la kwanza. Baba mkubwa hakuwa mwongo. Angeweza kweli kunipeleka Uingereza, kama vitenge vingetoka. Wimbo haukuwa na mstari wowote kwa mtu kama yeye. Ulinipa sikio la kuutambua mpangilio wa maneno yake. Jinsi ya kumuuliza bila kumvunjia heshima ilibidi niitafute katika adabu ile ile ya zamani, na ndiyo sababu nilianza kwa shikamoo.

Kanda nzima, nikiisikiliza sasa, haisimami kwa usawa. Kujisifu kwa mtunzi, ambako ni sheria ya muziki huu popote duniani, kunachosha upesi, na mapigo mengine yamezeeka kuliko maneno. "Bongo Dar es Salaam" bado ina nguvu, kwa kuwa inaujua mji na ujanja wake kama mtu aliyewahi kukaa kituo cha daladala na kutazama mikono ya watu. Baadaye Professor Jay alirudia habari za siasa katika "Kikao cha Dharura". Wapo wanaoupenda zaidi wimbo huo. Mimi nadhani mtunzi alikuwa ameanza kutuonea huruma na kulijaza lile pengo kwa niaba yetu.

Mwaka 2015 Joseph Haule mwenyewe alipanda jukwaani. Aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA akashinda, kama Mr. II alivyokwisha kushinda Mbeya Mjini mwaka 2010. Pale Kariakoo utani haukuisha. Kila muuza mitumba aliyepita na habari hiyo alimaliza kwa jina la wimbo. Mimi nilitaka kumsikia bungeni, na hasa nilitaka kumsikia wakati wa kupitisha hoja, kwa maana utaratibu wa Bunge letu ni kwamba mwenye kiti huwauliza wabunge, nao hujibu kwa sauti, ndiyo au siyo, na sauti zilizo nyingi ndizo zinazoshinda. Lakini Januari 2016 TBC ilisitisha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja. Jioni tulikuwa tunaoneshwa vipande. Kipande nilichokipata mimi kilikuwa na ndiyo nyingi, za watu wengi kwa pamoja, na sikuweza kutambua sauti ya mtu yeyote.