Shaka Inayopimika

Ukipita Keko utawaona mafundi samani wakipiga randa kando ya barabara, na mpita njia yeyote anaweza kuisifu kazi yao kwa kupitisha kiganja juu ya meza. Kazi ya mtakwimu haina uso wa kupapasa. Wadadisi wake wanaingia Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju, wanauliza maswali katika kaya chache, wanaondoka. Miezi ikipita tunasikia redioni kwamba kaya za Dar es Salaam hutumia kiasi fulani kwa mwezi, na majirani wanaulizana: mbona kwangu hawakufika?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo ninalotaka kulisifu hapa. Mtakwimu hodari haishii kuujua wastani wa kaya alizozifikia. Anajua pia wastani huo ungeyumba kwa kiasi gani kama kura ingeziangukia kaya nyingine, na anajua hivyo bila kuzifikia. Sijui fani nyingine inayoweza kuupima upungufu wake kwa uwazi namna hiyo.

Tuione kazi yenyewe. Chukua, kwa mfano tu, nyumba moja ya Kiswahili ya Mbagala yenye kaya tano za wapangaji, kila moja na chumba chake, bomba moja uani. Kaya ya kwanza hutumia ndoo 2 za maji kwa siku, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8, ya tano 10. Wastani ni ndoo 6. Umbali wa kila kaya kutoka kwenye wastani ni 4, 2, 0, 2 na 4. Zidisha kila umbali kwa wenyewe: 16, 4, 0, 4, 16. Jumla ni 40. Gawanya kwa kaya 5, unapata 8. Hiyo ndiyo variansi ya kaya, kipimo cha jinsi wapangaji hawa wanavyotofautiana.

Sasa tuseme una nafasi ya kuuliza kaya mbili tu. Jozi zinazoweza kutokea ni kumi, na wastani wake ni 3, 4, 5, 6, 5, 6, 7, 7, 8 na 9. Jozi moja inakudanganya kwamba nyumba hii inatumia ndoo 3, nyingine inakudanganya kwamba inatumia 9. Lakini zijumlishe zote kumi: 60. Wastani wa wastani zote ni 6, ule ule wa nyumba nzima. Kura haina upendeleo. Kisha tafuta variansi ya namba hizo kumi kwa njia ile ile, utapata 3. Kumbe ungeweza kuijua hiyo 3 bila kuorodhesha jozi hata moja: gawanya 8 kwa ukubwa wa sampuli, yaani 2, upate 4, kisha zidisha kwa robo tatu, ambayo ni kaya tatu zilizobaki nje ya sampuli kwa kaya nne, yaani tano ukitoa moja. Inatoka 3 kamili, bila kubaki hata punje.

Ningependa kila mwanafunzi wa takwimu aifanye hesabu hii kwa kalamu kabla hajagusa kompyuta. Akiiona ile 3 inatoka mara mbili, kwa njia ndefu na kwa njia fupi, ameuona moyo wa fani. Wastani wa sampuli hutawanyika kidogo kuliko kaya zenyewe, na mtawanyiko huo unapungua kwa kanuni inayojulikana: variansi ya kaya gawanya kwa ukubwa wa sampuli.

Ile robo tatu hupotea ukitoka kwenye nyumba ya wapangaji watano kwenda kwenye jiji. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 1,346,674 Temeke na 317,902 Kigamboni. Ukichagua watu 400 kwa kura kila upande, sehemu iliyobaki nje ni karibu yote, kwa hiyo kizidishio kinakaribia moja huko na huku. Temeke ni zaidi ya mara nne ya Kigamboni, lakini kama watu wanatofautiana kwa kiasi kile kile, sampuli ya 400 inatoa uhakika ule ule pande zote mbili. Wengi hawalikubali jambo hili wakilisikia mara ya kwanza. Wanadhani Temeke inastahili sampuli mara nne. Mpishi hadhani hivyo: anaonja kijiko kimoja kutoka sufuria ya nyumbani, na kijiko kile kile kutoka sufuria ya harusi, ilimradi amekoroga.

Uhakika una bei, na bei yake inapanda haraka. Kipeuo cha pili cha variansi ya wastani wa sampuli huitwa kosa sanifu, nacho ndicho kinachotuambia kwa lugha ya ndoo au shilingi tunaweza kukosea kwa kiasi gani. Ukitaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu, huongezi kaya mara mbili. Unaongeza mara nne. Kutoka 400 unakwenda 1,600. Kila kaya ya ziada ina nauli ya daladala mpaka Rangi Tatu, bodaboda kutoka hapo, posho ya mdadisi na jioni ya mtu anayeulizwa. Mpangaji wa utafiti ndiye anayeamua mapema tunaweza kumudu kujua kiasi gani.

Zaidi ya hayo, katika maisha halisi mtakwimu hana jozi zote kumi. Ana sampuli moja. Variansi ya kaya zote haijui, kwa hiyo anaikadiria kutokana na zile chache alizozipata, na anagawanya kwa idadi yake ukitoa moja, kwa sababu kaya za sampuli zimekaa karibu na wastani wao wenyewe kuliko zilivyo karibu na wastani wa kweli. William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la Student, makala iliyoonyesha namna ya kusema kwa usalama pale sampuli ni ndogo. Hesabu hiyo bado ni mkate wa kila siku wa wanafunzi wa Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, pale Changanyikeni.

Ugumu wenyewe ni kwamba jiji halikorogeki. Wilaya ya Kinondoni peke yake ina Oyster Bay na ina Tandale, na ndani ya kila mtaa majirani wanafanana: maji ni ya chanzo kimoja, kodi za vyumba zinakaribiana, shule ya watoto ni ile ile. Ukishawauliza watatu, wa nne anakuongezea kidogo. Na kwa sababu hakuna orodha ya kaya zote za nchi iliyo tayari wakati wote, tafiti kubwa huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani ya kila eneo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017-18 ulipanga maeneo 796 Tanzania Bara, kaya 12 kila eneo, jumla kaya 9,552. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipanga maeneo 629, kaya 26 kila eneo, jumla 16,354.

Hapo kanuni yetu inahitaji nyongeza. Chukua kiwango cha kufanana kwa majirani, kikizidishe kwa idadi ya kaya za eneo ukitoa moja, kisha ongeza moja. Jibu ndilo linalokuzia variansi. Tuseme kwa jambo fulani kufanana ni 0.1. Kaya 12 kwa eneo zinatoa 2.1, kaya 26 zinatoa 3.5. Maana yake kaya 9,552 zina nguvu ya kaya kama 4,550 zilizotawanywa moja moja, na kaya 16,354 zina nguvu ya kama 4,670. Tazama hizo namba mbili. Kaya karibu elfu saba zaidi, na uhakika karibu ni ule ule! Utafiti wa afya una sababu yake, kwani unahitaji kuwapata wanawake na watoto wa umri maalumu walio wachache katika kila kaya. Lakini anayepima matumizi ya kaya afadhali aende mitaa mingi na kuuliza wachache kila mtaa.

Haya si mambo ya darasani tu. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulipimwa kuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12 na asilimia 26.4 mwaka 2017-18. Tofauti ni pointi 1.8. Fanya hesabu ya haraka kwa kaya kama elfu kumi kila mara. Kama zingechaguliwa moja moja, kosa sanifu la tofauti hiyo lingekuwa pointi 0.6 hivi, na kushuka kungekuwa karibu mara tatu ya kosa. Hakuna wa kubisha. Kama kufanana kwa majirani kunakuza variansi mara tatu, kosa linakuwa pointi 1.1 na kushuka hakufiki hata mara mbili yake; hapo mwenye busara anasema taratibu. Ripoti halisi huhesabu kwa matabaka na uzito wa kila kaya, kwa hiyo hesabu yangu haiwezi kuihukumu. Inaonyesha tu kwamba pointi 1.8 zile zile zinaweza kuwa habari kubwa au habari ya kungoja, na kinachoamua ni variansi.

Na variansi yote hiyo imesimama juu ya miguu ya mdadisi. Kanuni inasema kura. Haisemi nyumba iliyo karibu na kituo. Kaya iliyochaguliwa Chamazi ikiwa imefungwa kwa sababu wenyewe wameondoka alfajiri kwenda Kariakoo, mdadisi anatakiwa arudi jioni, na kesho yake tena. Akichukua jirani aliyeko barazani kwa kuwa ana nafasi, atajaza fomu vizuri, kompyuta itatoa kosa sanifu dogo la kupendeza, na namba hiyo haitakuwa na maana, kwa sababu wanaoshinda barazani si sawa na wanaoshinda sokoni. Vivyo hivyo kwa mageti ya Masaki ambako mlinzi anajibu kwamba bosi hayupo. Variansi hupima bahati ya kura. Uzembe na milango iliyofungwa haivipimi. Ndiyo maana namheshimu mdadisi anayerudi mara ya tatu kwenye mlango ule ule kuliko profesa anayeandika kanuni ubaoni, ingawa wote wawili ni wa fani moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba mambo mawili. Ukisikia wastani au asilimia ya utafiti wowote ikitangazwa, uliza kosa lake sanifu. Ripoti nzuri zinalo, mara nyingi katika viambatisho vya mwisho ambavyo waandishi wa habari hawavifungui. Na siku kura itakapoiangukia kaya yako, mdadisi akabisha hodi na kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa, mkaribishe. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inakulinda: majibu yako ni siri. Kama ni ndoo mbili, mwambie ni mbili.