Kusambaza si kusafirisha: Tafsiri inayopotosha fizikia ya kwanta

SOMA sentensi hii: "Kelele za mazingira husaidia kusambaza kawi katika mifumo ya kwanta." Niliikuta kwenye madokezo ya sayansi wanayopashana wanafunzi mtaani Mathare. Kisarufi haina kasoro. Kimaana, imebeba makosa mawili.

Nianze na kitenzi 'sambaza'. Mathare, kusambaza stima ni kuvuta nyaya kutoka laini moja na kuigawa kwa nyumba nyingi. Kinachosambazwa hutawanyika. Wanafizikia hawasemi hayo. Wao wanazungumzia kawi inayotoka mahali maalumu, mathalani pale mwanga uliponaswa ndani ya kiumbe, ikafika mahali pengine maalumu inakotumika. Huko ni kusafirisha. Kawi ikitawanyika tu bila kufika, safari imefeli.

Kosa la pili ni 'kelele'. Katika Kiswahili, kelele ni sauti. Mwanafunzi anayeishi kando ya barabara ya Juja atawaza honi na muziki wa matatu, basi. Ilhali neno 'noise' la wanafizikia hapa ni mitikisiko isiyotabirika ya molekuli zinazouzunguka mfumo, mingi ikitokana na joto. Ninapendekeza 'misukosuko'.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu tafsiri hii inaficha ugunduzi wenyewe. Mwaka 2007, kundi la Graham Fleming huko Berkeley, Marekani, lilichapisha matokeo yaliyoashiria kwamba kawi ndani ya protini ya bakteria wa kijani wa salfa husafiri kama wimbi. Mwaka 2008 wananadharia, wakiwemo Seth Lloyd, Martin Plenio na Susana Huelga, walionyesha kihesabu kwamba mfumo ukitulia kabisa, mawimbi yanaweza kufutana na kawi ikakwama. Misukosuko ya wastani huikwamua. Ikizidi, huizuia tena. Tafiti za baadaye zimetilia shaka iwapo uwimbi huo kweli unawafaa bakteria, lakini hoja ya misukosuko ya wastani ingali imara. Sasa, nani atauona wastani huo ndani ya neno 'kelele'?

Kuna watakaoniuliza mbona sipingi 'kawi', ilhali Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ina 'nishati'. Sina ugomvi hapo. Kenya tuna Wizara ya Kawi, Tanzania wana Wizara ya Nishati, na tunaelewana. Hayo ni majina mawili ya kitu kimoja. Ninachokataa ni jina moja kubebeshwa vitu viwili.

Sentensi ile ingefaa kuwa: "Misukosuko ya wastani ya mazingira huweza kusaidia kusafirisha kawi katika mifumo ya kwanta." Ni ndefu kidogo, lakini mwanafunzi akiisoma ataweza kuuliza swali la maana: wastani ni kiasi gani? Hilo ndilo swali wanalouliza wanafizikia wenyewe.