Akili, Hiari na Maumbile katika Kichwamaji

Riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi aghalabu huhakikiwa kwa kigezo cha udhanaishi. Kazimoto, msimulizi na mhusika mkuu, huchukuliwa kuwa msomi aliyetupwa katika ulimwengu usio na maana, ambaye kujiua kwake ni tendo la mwisho la uhuru. Hatukatai kwamba usomaji huu una mashiko. Hata hivyo, unaliacha kando jambo ambalo riwaya inalitanguliza tangu anwani yake: akili hukaa kichwani, na kichwa ni kiungo cha mwili. Swali la makala haya ni hili: iwapo binadamu ni sehemu ya maumbile, hiari yake ina nafasi gani, na lawama apewe nani?

Tuanze na msuko. Manase, Mkuu wa Wilaya na rafiki wa utotoni wa Kazimoto, anampa mimba Rukia, dadake Kazimoto, na Rukia anafariki. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dadake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumuoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama wa Manase, kwa sababu ya maradhi ya zinaa. Kazimoto anajiua.

Mnyororo huu unaweza kusomwa kwa namna mbili zilizozoeleka. Msomaji wa mkabala wa kimaadili atasema mtoto yule ni adhabu. Mdhanaishi atasema ni ushahidi kwamba dunia ni upuuzi mtupu. Kwa maoni yetu, wote wawili wanateleza. Adhabu humwangukia mkosaji, ilhali hapa anayebeba kichwa kile ni mtoto asiyetenda lolote, na aliyembeba tumboni ni Sabina. Maumbile huunganisha tendo na tokeo lake; hayapimi haki. Lakini kukosekana kwa hakimu hakumaanishi kukosekana kwa sababu. Maradhi yale yamepita kutoka mwili hadi mwili kupitia matendo ya watu tunaowajua kwa majina.

Hapa Baruch Spinoza anatufaa zaidi ya Jean-Paul Sartre. Katika L'Être et le Néant (1943), Sartre anadai kwamba urazini wa binadamu daima unaweza kuikana hali inayomzunguka, na kwa hiyo uhuru haukwepeki. Spinoza, katika Ethica (1677), alishikilia kwamba akili na mwili ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa namna mbili, na kwamba watu hujidhani huru kwa kuwa wanazijua tamaa zao bila kujua kinachozisukuma. Kwake yeye, uhuru si kuukata mnyororo bali kuuelewa na kutenda kwa uelewa huo. Kazimoto anafika nusu ya safari hii. Anapojua chanzo cha msiba wake, maarifa yanamjia kama hukumu, wala si kama wajibu kwa walio hai.

Mbinu ya usimulizi inathibitisha hoja hii. Hadithi imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Tunaisikia akili ya mtuhumiwa ikijieleza. Rukia na Sabina hatuwajui ila kupitia kwake. Falsafa ya kukata tamaa inageuka kimbilio: ikiwa maisha hayana maana, hakuna anayedaiwa. Mhakiki anayeipokea falsafa hiyo bila kuisaili amekuwa wakili wa Kazimoto bila kujua.

Huenda ikaulizwa: ikiwa kila tendo lina sababu yake, tutamlaumuje Kazimoto? Jibu letu ni kwamba lawama haidai kuwa mtu angeweza kusimama nje ya maumbile. Lawama, aibu, majuto na onyo ni sehemu ya maumbile hayo hayo. Ni miongoni mwa sababu zinazougeuza mwenendo wa binadamu. Alipokusudia kisasi, Kazimoto alikwisha kuona msiba wa Rukia, na maarifa hayo yangeweza kumzuia. Aliyageuza kuwa silaha.

Kwa hiyo ukuu wa Kichwamaji hautokani na kututangazia kwamba dunia haina maana. Unatokana na kutuonyesha gharama ya kufikiri hivyo, na kwamba gharama hiyo hulipwa kwanza na wale wasiopewa nafasi ya kusimulia.